Jinsi ya kusoma hesabu za timu ndogo ya hoki ya barafu

Anza na umiliki. Ligi ya AHL ya Marekani na Kanada ina timu 32, kila moja (timu ndogo) ikilea wachezaji wa klabu ya NHL, ligi kubwa iliyo juu yake (klabu kubwa), lakini wamiliki wake si wa aina moja. Laval Rocket ni ya Montreal Canadiens wenyewe; Hershey Bears ni ya Hershey Entertainment & Resorts, na imefungamana na Washington Capitals kwa mkataba tu.

Timu ikiwa si mali ya klabu kubwa, soma kwanza mkataba unaoiunganisha nayo. Kwa kawaida klabu kubwa hubeba mishahara ya wachezaji iliowasajili, na timu ndogo huilipa ada ya mwaka. Ukiijumlisha mishahara hiyo kwenye gharama za timu ndogo, umeharibu hesabu nzima.

Mapato ya milangoni yagawe kwa mechi 36 za nyumbani (msimu una 72). Usitumie idadi ya watazamaji inayotangazwa: mara nyingi ina tiketi za bure ndani yake. Kisha uliza nani anachukua fedha za maegesho na vyakula. Mwenye ukumbi akizichukua, viti vilivyojaa havitoshi kuleta faida.

Mwisho, tazama mkataba unaisha lini. Chicago Wolves walicheza msimu wa 2023–24 bila klabu kubwa, wakasajili wachezaji wao wenyewe.