Kujaribu Kerneli Mpya Bila Kupoteza Inayofanya Kazi

Kerneli ndiyo kiini cha mfumo endeshi: ndiyo inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu za programu kwenye prosesa na kuwasiliana na diski, kadi ya picha na kibodi. Kwa sababu hiyo wengi huogopa kuigusa, wakidhani kwamba kosa moja litawalazimu kusakinisha mfumo mzima upya. Kwa mtumiaji wa Linux hofu hiyo imezidi kiasi, kwa kuwa kerneli kadhaa zinaweza kukaa pamoja kwenye kompyuta moja, kila moja na faili zake ndani ya `/boot` na moduli zake, yaani vipande vya ziada kama draiva, ndani ya `/lib/modules`, na mtumiaji akachagua anayoitaka kila anapowasha. Hatari huingia pale mtu anapoiondoa kerneli ya zamani mapema, au anapoanza majaribio kabla ya kuhakikisha kwamba njia ya kurudi iko wazi.

Maelezo haya yanafuata Ubuntu na Debian, ambazo ni aina za Linux, ingawa mantiki ni ile ile kwingineko. Fedora, kwa mfano, huhifadhi kerneli 3 kwa kawaida, na watumiaji wa Arch wanaweza kuweka `linux-lts`, kerneli inayodumishwa kwa muda mrefu, kando ya `linux`, ile ya kawaida.

Anza kwa amri `uname -r`, ambayo hutaja toleo la kerneli inayotumika sasa, na uliandike toleo hilo kwenye karatasi, kwa maana siku kompyuta itakapogoma kuwaka hutaweza kulisoma kwenye skrini. Kisha tazama nafasi iliyobaki kwa `df -h /boot`. Sehemu hiyo ya diski ikijaa katikati ya usakinishaji, faili ya initramfs, yenye vitu ambavyo kerneli huvihitaji mwanzoni mwa kuwaka, inaweza kutokamilika na kerneli mpya isiwake. Weka nakala rudufu ya kazi zako kwenye diski nyingine, kwa kuwa msimbo unaoandika faili kwenye diski ni sehemu ya kerneli yenyewe, na uandae flashi inayoweza kuwasha kompyuta.

Sakinisha kerneli kutoka hazina rasmi ya mfumo wako kwanza. Kerneli za huko zimetiwa saini, hivyo Secure Boot, ulinzi unaozuia kuwashwa kwa kerneli isiyo na saini inayotambulika, huzikubali, ilhali ile uliyoikusanya mwenyewe kutoka msimbo wake itakataliwa mpaka uitie saini kwa ufunguo uliousajili kupitia `mokutil`. Katika kipindi chote cha majaribio usiendeshe `apt autoremove`, kwani inaweza kuiondoa kerneli ya zamani.

Hapa ndipo penye jambo ninalowasihi wasomaji wasiliruke. Ubuntu na Debian huifanya kerneli yenye toleo la juu kuwa chaguo la kwanza mara tu inaposakinishwa, maana yake ni kwamba kompyuta ikizimwa na kuwashwa itaingia kwenye kerneli ambayo hujaijaribu. Geuza mpango huo. Fungua `/etc/default/grub`, faili ya mipangilio ya GRUB (programu inayopakia kerneli kompyuta inapowaka), andika `GRUB_DEFAULT=saved`, `GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu` na `GRUB_TIMEOUT=5`, kisha endesha `sudo update-grub`. Katika menyu ya GRUB hesabu huanza na 0: mstari 0 ni kerneli yenye toleo la juu, na kwa kawaida mstari 1 hufungua menyu ndogo ambamo kila kerneli ina mistari miwili, wa kawaida na wa uokoaji. Basi, ikiwa ile ya zamani ndiyo ya pili kwa toleo, anwani yake ni `1>2`. Amri `sudo grub-set-default "1>2"` huifanya kuwa ya kudumu, na `sudo grub-reboot 0` huagiza kerneli mpya itumike mara moja tu. Ukiongeza `panic=10` kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` na kuendesha `update-grub` tena, kerneli mpya ikianguka kompyuta itajiwasha upya baada ya sekunde 10 na kurudi kwenye ile ya zamani. Mpango huu unahitaji GRUB iweze kuandika kwenye `/boot`. Ikiwa `/boot` iko juu ya LVM (njia ya kugawa diski) au Btrfs (aina ya mfumo wa faili) haiwezi, kwa hiyo chagua kwa mkono kwenye menyu.

Kuwaka peke yake si ushahidi. Niliwahi kuridhika mara tu nilipoona eneo-kazi, na kesho yake kompyuta haikuamka kutoka usingizini, nikapoteza kazi ambayo sikuwa nimeihifadhi. Tangu hapo huilaza na kuiamsha mara kadhaa, hujaribu sauti, waifai na skrini ya pili, na husoma `sudo dmesg --level=err,warn` nikilinganisha na kerneli ya zamani. Wenye draiva zilizosakinishwa kupitia DKMS, hasa za kadi za NVIDIA, watazame pia `dkms status`, kwani moduli hizo hujengwa upya kwa kila kerneli na wakati mwingine ujenzi hushindikana.

Kompyuta ikiganda, shikilia Alt na SysRq (kitufe cha Print Screen kwenye kibodi nyingi), kisha bonyeza S, U na B kwa kupumzika kidogo kati yake: diski itakamilishiwa maandishi, itafungwa isiandikwe, halafu kompyuta itajiwasha upya. Ukisharudi kwenye kerneli ya zamani, `journalctl -k -b -1` itakuonyesha ujumbe uliohifadhiwa kabla ya kuganda.

Anayetaka kuonja kerneli za ukoo mwingine kabisa, kama ile ya FreeBSD au GNU Hurd, atumie mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya programu, akikumbuka kwamba hiyo haimwambii lolote kuhusu maunzi yake halisi.

Ipe kerneli mpya wiki mbili za kazi za kila siku kabla ya kuondoa yoyote. Siku ya kuondoa, ingia kwenye ile unayobaki nayo, hakikisha kwa `uname -r`, ndipo utumie `sudo apt purge` pamoja na jina kamili la kifurushi. Ukionywa kwamba unaondoa kerneli inayotumika wakati huo, sitisha.