Kichwa kinawasha na nywele zinapukutika: anza na ngozi

Mimi ni kinyozi wa Temeke, Dar es Salaam. Si daktari, na humu sitajifanya daktari. Ila kinyozi huuona utosi wa mtu kabla mwenyewe hajauona, na vijana wa miaka ishirini na kitu ndio wanaoniuliza swali lile lile kwa sauti ya chini, wanaosubiri kwenye benchi wasisikie: "Fundi, hivi naota upara?"

Nami huwauliza: kinawasha? Maana upara wa kurithi hauwashi. Hauna magamba, vipele wala usaha. Nywele zinarudi nyuma kwenye panja, au zinapungua utosini, na kila unywele unaoota unakuwa mwembamba kuliko uliotangulia. Kichwa kikiwasha, kikichoma au kikitoa unga, kuna jambo jingine, ama peke yake, ama pamoja na huo upara. Tibu hilo kwanza. Dawa za kuotesha nywele hazipakwi juu ya ngozi iliyochubuka au yenye vidonda.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, osha kichwa, kiache kikauke bila mafuta, kisha mwambie mtu akupige picha utosini, panja zote mbili na kisogoni, nje kwenye mwanga wa mchana. Usizifute. Ndizo zitakazokuambia baada ya miezi kadhaa kama dawa inafanya kazi, kwa sababu kioo cha saluni chenye taa juu yake humtisha kila mtu.

Ukiona unga mweupe unaoanguka mabegani, hiyo ni mba. Ikizidi, magamba yanakuwa ya njano, yenye mafuta, na kwenye ngozi zetu nyeusi utaona mabaka yaliyofifia kwenye ukingo wa nywele, kwenye nyusi na kando ya pua. Hapa ndipo wengi wanapojiumiza. Wanadhani kichwa kimekauka, basi wanamwaga mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Mba inahusiana na fangasi wadogo wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, na chakula chao ni mafuta. Unawalisha, mdogo wangu.

Acha mafuta kwa muda. Nenda famasi ukaulize shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Itumie mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne. Kosa linalofanyika kila siku ni kuipaka na kuisuuza papo hapo. Iache kichwani dakika tatu hadi tano, igusane na ngozi, halafu suuza. Mba ikitulia, endelea mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, maana hupenda kurudi.

Sasa ya kwetu vinyozi. Mashine ikitoka kichwa kimoja kwenda kingine bila kusafishwa hubeba fangasi na bakteria, na ikichubua hubeba hata damu. Mwangalie kinyozi wako: anapaswa kupiga brashi nywele zote zitoke kwenye meno, kisha apake spiriti ya asilimia 70 na aiache ikauke yenyewe. Kupuliza kwa mdomo si kusafisha. Na ile spiriti tunayowapiga kichwani mkimaliza kunyolewa, mkakunja sura, kazi yake ilikuwa kwenye mashine kabla hujakaa. Kwenye ngozi iliyotoka kukwanguliwa inazidisha muwasho tu. Mwenye uwezo anunue mashine yake, aje nayo. Sisi hatununi, na anayenuna mhame.

Vipele vya kisogoni navizungumzia kwa kirefu kwa sababu vinaharibu vichwa vya vijana wengi kuliko upara. Vinaanza vidogo, vinawasha, mtu anavikamua, anarudi kunyolewa sifuri wiki hiyo hiyo. Nywele za kujikunja zikikatwa chini kabisa hujichoma kwenye ngozi, na kola ya shati au ukingo wa kofia unasugua palepale. Vikiachwa vinageuka makovu magumu, na kovu likishatawala, hakuna mafuta wala dawa ya kuotesha nywele hapo. Mwambie kinyozi aache nywele kidogo kisogoni, asipitishe wembe, asikandamize mashine. Usikamue. Vikiwa vingi au vina usaha, nenda kwa daktari wa ngozi mapema, atakupa dawa ya kupaka au vidonge, na wakati mwingine sindano ya kulainisha kovu.

Kuna tyubu moja ya mchanganyiko ambayo kila mtaa wanaijua: ndani ina dawa ya fangasi, ya bakteria, na steroidi. Siku ya pili muwasho umeisha, unamsifu muuza duka. Steroidi inatuliza ngozi tu, na kama ni fangasi huendelea kusambaa chini kwa chini, hadi daktari mwenyewe ashindwe kuwatambua. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu yoyote, kwa kuwa fangasi wako ndani ya unywele. Yanahitaji vidonge kwa wiki kadhaa, vya griseofulvini au terbinafini, kwa maelekezo ya daktari. Ukiyapata mtu mzima, watazame na watoto nyumbani, maana wao ndio huyapata zaidi, na mnachangia vitana.

Mengine kwa haraka. Nywele zikipukutika kichwa kizima miezi miwili au mitatu baada ya homa kali, upasuaji au kukonda ghafla, mara nyingi hurudi zenyewe. Duara laini lisilo na unywele wala magamba ni kinga ya mwili inayoshambulia mizizi, na daktari ana dawa yake. Nywele zikipukutika mabaka mabaka, kama zimeliwa na nondo, pima kaswende. Wenye dredi na rasta za kuvutwa, legezeni sasa, kabla panja hazijafa.

Kama hakuna muwasho na panja zinasogea, basi huenda ni upara wenyewe. Unarithiwa kwa baba na kwa mama pia, kwa hiyo usimwangalie babu mmoja tu. Dawa ya kupaka ni minoksidili ya asilimia 5, mara mbili kwa siku, kwenye ngozi na siyo kwenye nywele. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kupukutika zaidi. Hapo wengi huacha, na hapo ndipo pa kuvumilia. Matokeo hupimwa baada ya miezi minne na kuendelea, na ukiacha kupaka, ulichopata kinaondoka. Ikikuwasha, jaribu ya povu, kwani ya maji huwa na kimiminika kinachosumbua baadhi ya ngozi. Nyumba yenye paka iwe na tahadhari, ni sumu kwao. Vidonge vya finasteridi vipo, ila hivyo ni vya kuandikiwa na daktari: vinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa na kuleta huzuni nzito, na mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika.

Kitunguu saumu kinaunguza ngozi, nimeona malengelenge. Mafuta ya nyonyo yanang'arisha nywele ulizonazo, basi.

Ukitaka kwenda kwa wataalamu, kule Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na Dar kuna kliniki ya ngozi Muhimbili. Ukiwa na miadi, usinyoe kwa wiki moja kabla, usipake kitu siku hiyo, na beba kila chupa na tyubu uliyotumia, hata ile unayoionea aibu.