Mama anatoka hospitali Jumatatu, nasinghomu ipi? (kwa mlioko Marekani)

Mi ni siienei (CNA, msaidizi wa nesi), mwaka wa tisa huu, nasinghomu za huku Texas, yaani nyumba za kutunzia wazee na wagonjwa, nimeajiriwa tatu tofauti ukiacha zile za ajensi, kampuni zinazokukodisha kwa shifti, ambako unatupwa popote, na simu ninayopigiwa sana na Watanzania wenzangu siku hizi sio ya kukopa hela, ni hii: dada, mama kapata stroku, hospitali wanasema Jumatatu anatoka na nyumbani hawezi kurudi, wametupa karatasi ina majina kumi, tuchague ipi? Na inapigwa Ijumaa jioni. Kila mara Ijumaa jioni. Kwa hiyo naandika mara moja hapa, nikipigiwa tena nawatumia.

La aibu tulimalize kwanza maana ndo linalokula muda. Nyumbani watasema mmemtupa mzazi, najua, na shangazi wa Moshi atalia kwenye grupu la familia. Sasa mzee aliyepooza upande mmoja anatakiwa ageuzwe kila masaa mawili usiku na mchana, na we unapiga shifti mbili, mumeo yuko na lori Oklahoma. Nani anamgeuza? Ataota vidonda mgongoni humo humo sebuleni kwako. Shangazi hapandi ndege kuja kugeuza.

Ukiona hospitali wanakukimbiza na mama ana Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, kuna karatasi ya haki zake wanamsainisha, ndani yake mna namba ya kukata rufaa kwamba anatolewa mapema. Piga kabla siku ya kutoka haijaisha, wanamwacha kitandani wakati wanaamua na hizo siku hamtozwi zaidi ya vile vichangio vya kawaida. Hata ukishindwa umepata siku moja mbili za kwenda kuangalia, na hizo siku ndo unazozitaka.

Sasa fungua tovuti ya Medicare, sehemu inaitwa Care Compare, weka zip kodi. Nasinghomu zinazopokea hela za Medicare au Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) zinapewa nyota kuanzia 1 mpaka 5, mtu anaona nne kubwa pale juu anafunga simu. Hapana. Ile ya juu ni mchanganyiko wa vitu vitatu na havina uzito sawa kwangu. Nyota za ubora, sehemu kubwa zinatoka kwenye fomu ambazo nasinghomu yenyewe inajaza kuhusu wagonjwa wake, yaani mwanafunzi anajisahihishia mtihani. Nyota za wafanyakazi zinatoka kwenye payroli, masaa yaliyolipwa kweli. Za ukaguzi zinatoka kwa wakaguzi wa jimbo wanaoingia bila kuaga, na sheria inataka isipite miezi 15 hawajarudi. Mi nikiona ubora 5 wafanyakazi 1, naipita hata kama ina bustani. Halafu ingia ndani zaidi kwenye hiyo ya wafanyakazi, tangu 2022 wanaonyesha masaa ya wikendi peke yake na asilimia ya walioacha kazi ndani ya mwaka. Kama nusu ya manesi wanaondoka kila mwaka, anayemjua mama leo Krismasi hayupo. Ukikuta kialama chekundu cha mkono, ujue walishanukuliwa kwa unyanyasaji, na pembetatu ya njano ni nyumba iliyowekwa chini ya uangalizi maalum. Hizo mbili usibishane nazo.

Na usidhani serikali imeweka idadi ya siienei kwa wagonjwa. Mwaka 2024 walipitisha masaa 3.48 ya huduma kwa kila mgonjwa kwa siku, 2025 mahakama ya huku huku Texas ikaitupa. Kilichobaki kitaifa ni nesi RN, yule aliyesajiliwa, masaa 8 kwa siku na nesi mwenye leseni awepo masaa 24, kuhusu sisi tunaoosha na kugeuza wanasema tu "wa kutosha". Wa kutosha kwa nani sasa.

Ndo maana lazima uende. Na usiende Jumanne saa nne asubuhi, hiyo ni saa ya dada wa mauzo, atakutembeza kwenye piano ambayo sijawahi kuona mtu anaipiga, atakupa biskuti. Nenda Jumamosi jioni kuanzia saa kumi na moja na nusu, wakati wa chakula, bosi yuko kwake, ajensi wamejaa, hapo unaona nyumba ilivyo. Ingia kama mtu anayeulizia chumba, wengi watakuruhusu uzunguke na mtu. Wakikataa kabisa usione hata korido, umeshajibiwa.

Simama koridoni uangalie taa juu ya milango. Mgonjwa akibonyeza kengele taa inawaka, we angalia saa kwenye simu. Dakika tano ni sawa, kumi jioni ya wikendi nitavumilia, ishirini hapana. Lakini zaidi ya dakika angalia hiki: mtu anaingia, anazima taa, anasema nakuja, anatoka, harudi. Mi mwenyewe nimeshafanya, siku nina wagonjwa 16 peke yangu na mwenzangu hakutokea, kwa hiyo naijua ile sura ya mtu anayetoka chumbani bila kuangalia nyuma. Ukiiona mara mbili ndani ya nusu saa ondoka.

Harufu. Mkojo kwenye mlango mmoja ni pampasi ya sasa hivi, binadamu hao. Mkojo korido nzima ni wa tangu asubuhi. Na manukato makali yanayochoma pua mi yananitia wasiwasi kuliko mkojo wenyewe.

Halafu chungulia kitu ambacho watu hawakiangalii, kikombe cha maji kiko wapi. Mzee aliyepooza kulia, maji yamewekwa kulia. Kengele imening'inia kulia. Miwani iko kwenye droo. Kwenye karatasi kila kitu amepewa, na amekaa na kiu toka mchana. Angalia midomo kama imekauka, angalia kucha. Chumba cha kulia chakula angalia wasioweza kujilisha, je wamekaa mbele ya sahani imepoa wanasubiri zamu, na anayelisha amekaa naye au amesimama anasukuma kijiko huku anaangalia mlango?

Wa kuuliza ni sisi tuliovaa skrabu. Swali ni moja tu, leo una watu wangapi? Mi mchana nikiwa na 8 nafanya kazi ya binadamu, nikifika 14 nachagua nani aoge. Ongeza na umekaa hapa muda gani. Waafrika tumejaa kwenye hizi kazi, ukisikia Kiswahili koridoni msalimie vizuri, kama mkubwa mpe shikamoo yake, muulize pembeni: ungekuwa ni mama yako ungemleta hapa? Anaweza asijibu kwa mdomo. Uso utauona.

Lugha, hili niseme kwa sababu limeniuma. Nilipelekwa na ajensi nyumba moja, nakuta bibi Mkongo, kwenye riporti wameniambia anaita binti yake usiku kucha, Maggie, Maggie, wamempa hadi dawa ya kutulia. Nimeingia naye chumbani, bibi anasema maji. Maji! Alikunywa vikombe viwili bila kupumua. Nyumba inayopokea hela za serikali kuu inatakiwa itafute mkalimani bila kuwatoza, hata wa kwenye simu, uliza wanatumia nini na mara ya mwisho lini. Halafu usiwategemee, bandika karatasi ukutani kwa herufi kubwa: maji, choo, naumwa, baridi, na maana yake kwa Kiingereza.

Karatasi zao nazo. Ripoti ya ukaguzi wa mwisho inatakiwa iwe mahali mtu anaifikia bila kuomba, na idadi ya wafanyakazi wa siku hiyo ibandikwe kila shifti. Hiyo ya ukutani linganisha na watu unaowaona kwa macho. Ombudsman wa jimbo, yaani mtetezi wa wanaoishi nasinghomu, ni bure, mpigie muulize nyumba ile malalamiko yake huwa ni ya nini.

Hela kwa kifupi. Medicare inalipa mpaka siku 100, za kwanza 20 kamili, kuanzia ya 21 kuna mchango kila siku, na inataka awe amelazwa hospitali rasmi siku tatu, zile za "uangalizi" hazihesabiki hata kama alilala kitanda kile kile, ulizeni mapema. Kukaa moja kwa moja ni Medicaid au mfuko wenu, mzazi aliyekuja kwa viza ya kutembea hana hiyo njia, na mwenye grinkadi ambayo haijafika miaka mitano mara nyingi anakwama. Waulizeni siku zikiisha mama anabaki kwa Medicaid au anahamishwa.

Na kalamu iende taratibu. Hawaruhusiwi kukulazimisha uwe mdhamini wa deni kutoka mfukoni kwako ndo mama apokelewe, kwa hiyo ukisaini saini kwa niaba yake, ukitumia hela zake. Ile ya kukubali kutokwenda mahakamani pia si sharti la kupokelewa, hata wakiichomeka katikati ya karatasi arobaini.

Kama bado umebaki na mbili, chukua iliyo karibu na yule ndugu anayeweza kupita bila kupanga. Nyota 3 dakika kumi kutoka kwako naiona bora kuliko 5 ya mwendo wa saa nzima, maana sisi tunajua nani anatembelewa, samahani lakini ndo ukweli. Pita saa za ajabu ajabu, mama ana haki ya wageni wakati wowote. Texas sheria inaruhusu kamera chumbani, ila kuna fomu na anayelala naye lazima akubali.

Mwisho nunua ile kalamu ya wino isiyotoka, andika jina kwenye kila nguo mpaka kanga, maana zinafuliwa jengo zima pamoja. Juzi nimemkuta babu wa Kizungu kalala fofofo kajifunika kanga ya mama wa watu, imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.