Usilifute Hilo Vumbi: Kurudisha Rangi ya Roadster Iliyotoka Bandarini

Dada mmoja, daktari wa meno, alinipigia simu saa mbili usiku, sauti imemkauka. Mazda Roadster yake nyekundu, aliyoisubiri miezi mitatu kutoka Japani, ndiyo kwanza imefika nyumbani, na boneti nzima ina michirizi ya duara kama utando wa buibui. Aliyelileta gari, kwa nia njema kabisa, alilifuta vumbi kwa fulana kavu kabla ya kumkabidhi ufunguo.

Nikamwambia, "Dada, usiguse kitu. Usilioshe, usilifute. Kesho alfajiri nakuja."

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Michirizi mingi ninayoitoa hapa Dar es Salaam haikutokea melini. Imetokea siku gari linafika, mikononi mwa watu wanaolipenda. Vumbi la bandarini lina mchanga na chembe za chuma, na kitambaa kikavu juu yake ni msasa. Piga picha kila upande, karibu na mbali, weka na karatasi za makabidhiano. Ukishaanza kazi, ushahidi wa kumdai mtu umeondoka na maji.

Kuhusu maji: visima vingi vya Dar vina chumvi, na maji yake yakikauka juani huacha madoa meupe yanayong'ang'ania. Tafuta ya bomba au ya mvua. Mwagia mengi kwanza bila kugusa, kisha osha kwa ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari, nyingine ya kusuuzia glavu ya maikrofaiba. Baada ya hapo pulizia dawa ya kuyeyusha chembe za chuma. Boneti ya yule dada ilichuruzika zambarau mpaka kwenye bampa. Zambarau hiyo ndiyo chuma kinachotoka. Osha tena, kisha vaa mfuko laini wa mkate mkononi na upapase rangi. Ukihisi chenga, pitisha udongo wa kusafishia rangi juu ya maji yenye utelezi, bila kukandamiza. Udongo ukidondoka chini, utupe.

Sasa pima. Juu ya rangi kuna klia, tabaka angavu lenye unene wa kama mikroni 40 hadi 50, wakati unywele wa mtu ni kama 70. Kila ukipiga polishi unalipunguza, na halioti tena. Ndiyo maana siwezi kumwamini fundi anayewasha mashine kabla ya kupima. Boneti ya Roadster hii ni ya alumini, kwa hiyo kipimo rahisi cha sumaku hakitasoma kitu, na bampa za plastiki hazisomi kwa kipimo cha kawaida cha aina yoyote. Kipimo husoma unene wa matabaka yote ya rangi kwa pamoja, si klia peke yake: boneti ilisoma mikroni 112, mlango wa kushoto 108, mlango wa kulia 230. Ule wa kulia ulishapigwa rangi upya hukohuko ulikotoka. Dada hakujua, ilibidi nimweleze taratibu, maana mlango wa namna hiyo haueleweki klia yake ni kiasi gani, na unaguswa kidogo tu.

Pitisha kucha juu ya kila mkwaruzo. Ikinasa, polishi haitautoa, usijidanganye.

Fungia paa la kitambaa kwa nailoni na teipu ya karatasi kabla ya mashine kuwaka. Polishi ikikaukia kwenye kitambaa hicho huacha alama nyeupe, na kuzitoa ni kazi ya siku nzima. Bandika teipu pia kwenye kingo na mikunjo ya boneti, kwa sababu hapo klia ni nyembamba zaidi na pedi hula haraka. Fanya kazi kivulini, bati likiwa baridi kwa mgongo wa mkono.

Anza na kipande cha sentimita 40 kwa 40, ukizungushie teipu: pedi laini, polishi nyepesi, mashine ile inayozunguka huku ikichezacheza. Mashine ya mzunguko mmoja waachie wenye miaka mingi kazini. Ukimaliza, futa kwa spiriti, kwa sababu mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo na kukuonyesha uongo. Kisha washa tochi. Kwa yule dada polishi nyepesi haikutosha, nikapanda hatua moja: kompaundi, yaani polishi kali zaidi, nikipitisha polepole mara nne, kisha polishi nyepesi tena kurudisha kina cha wekundu. Nilipofuta kipande kile cha kwanza, utando wa buibui uliishia kwenye teipu kama umekatwa kwa wembe. Dada akainama kutazama, hakusema neno. Nikapima: 110. Hapo ndipo nikaendelea na boneti nzima.

Kulikuwa na alama ya kinyesi cha ndege karibu na taa. Bati likipata joto klia hulainika, likipoa hujikunja kuuzunguka uchafu, na alama hubaki hata ukiosha. Niliipunguza nusu nikasimama. Afadhali kivuli kidogo kuliko tundu.

Kidonda cha jiwe, kidogo kama punje ya mchele, kilihitaji rangi. Nyekundu hii, namba 46V, ina matabaka matatu, kwa hiyo kichupa kimoja hakitoshi: rangi ya chini, ya kati inayopitisha mwanga, kisha klia. Weka kwa kijiti cha meno, tone dogo, acha likauke, na kwa unyevu wa Dar ongeza muda. Acha siku kadhaa, sawazisha kwa msasa wa maji namba 2000, halafu 3000, halafu polishi. Ukisimama hatua mbili mbali hutakiona. Ukiinama utakiona, na mwenye gari aambiwe hivyo mapema.

Mwisho paka nta, mkono mwepesi, futa.

Jioni dada alitaka kuliegesha chini ya mkungu wake, palipo na kivuli kizuri. Nikamwonyesha kunguru waliojipanga juu. Akalirudisha barazani.