Vipokea sauti visivyo na waya vya bei nafuu: namna ya kuvipima na kuvitunza

Ubora wa muziki si mahali ambapo watengenezaji hubana gharama sana. Spika ndogo ya milimita 10 ni rahisi kutengeneza, na hata pea ya bei ya chini inaweza kuimba vizuri. Kinachobanwa ni maiki, betri na kikasha cha kuchajia, kwa hiyo chunguza huko zaidi.

Kwanza vimpira vya kuziba sikio. Mara nyingi boksi lina saizi tatu. Vaa, weka wimbo wenye besi, kisha kandamiza kipokea sauti taratibu kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla, kimpira hakizibi sikio. Jaribu saizi nyingine kabla hujailaumu spika. Masikio ya mtu mmoja hayalingani sikuzote, na kuvaa saizi mbili tofauti si ajabu.

Kisha piga simu, tena penye upepo au kelele, na umuulize wa upande wa pili anakusikiaje. Hapo ndipo vingi huaibika, maana maiki iko sikioni, mbali na mdomo. Ukiona sauti imefifia mara tu simu ilipoanza, si ubovu: Bluetooth imeacha njia ya muziki na kuhamia njia ya maongezi, ambayo hubana sauti zaidi. Angalia pia herufi za kwenye boksi. ENC humpunguzia kelele yule unayeongea naye; ANC ndiyo inayokupunguzia wewe. Wauzaji hupenda kuzichanganya.

Kwa michezo ya simu, fyatua risasi moja usikilize. Sauti ikichelewa milisekunde 200 hivi utaigundua. Video hazisumbui sana, kwa kuwa programu nyingi huchelewesha picha ili ilingane na sauti.

"Saa 20" za kwenye boksi huhesabu na kikasha: saa 4 masikioni, kisha kujazwa mara nne. Uliza hizo 4. Betri ya ndani ni ndogo mno na imefungiwa kwa gundi. Ikichoka, ndio mwisho wa kipande hicho. Kama hutavitumia kwa miezi, viache na chaji ya nusu, visikae vitupu.

Upande mmoja ukinyamaza, usikimbilie kununua vingine. Futa vichuma vya kuchajia, vya kipokea sauti na vya ndani ya kikasha, kwa pamba yenye spiriti kidogo tu. Nta ya sikio ikivifunika, kipande hakichaji, au hubaki kimewaka ndani ya kikasha huku kimeng'ang'ania simu. Wavu wa kutolea sauti usafishe kwa mswaki mkavu, ukiuinamisha chini ili uchafu usiingie ndani. Bado? Futa jina la kifaa kwenye orodha ya Bluetooth ya simu ndipo uviweke upya kama kijitabu kinavyoelekeza. Aina nyingi hutaka ubonyeze kwa sekunde 10 hivi. Usigeuze mpangilio huo: simu ikiwahi kukinasa kipande kimoja, viwili hivyo vinaweza kushindwa kuoana.

Sauti ikikatika unapotembea, toa simu mfuko wa nyuma. Mwili una maji mengi, nayo hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4.

Alama ya IPX4 ni kinga ya jasho na manyunyu, si ya kuogelea, na kwa kawaida kikasha hakina kinga hiyo. Kausha vipande kabla ya kuvirudisha kwenye kikasha.