Somo: Kuipima dola ya Morgan ambayo haijatumika

Wengi wakisikia "sarafu haijatumika" hudhani ni sarafu isiyo na alama hata moja. Sivyo. Dola ya Morgan, sarafu ya dola moja ya madini ya fedha, ilipigwa chapa Marekani kuanzia 1878 hadi 1904, kisha tena 1921. Ikitoka kiwandani ilitiwa gunia moja na wenzake 999, na magunia hayo yakabebwa na kutupwa ghalani miaka na miaka. Kila moja ina gramu 26.73, kwa hiyo zikigongana huachiana makovu. "Haijatumika" maana yake haijasuguliwa na mikono na mifuko ya watu, basi. Ukiweza kutofautisha kovu la gunia na msuguo wa mkono, umeshaijua kazi.

Hatua ya 1. Zima taa za tyubu, washa balbu moja mezani. Tandika kitambaa laini. Shika sarafu ukingoni. Jasho la vidole huacha doa lisilotoka.

Hatua ya 2. Igeuze polepole chini ya mwanga. Miale itazunguka usoni kama spoki za baiskeli. Sasa fuata miale hiyo ikipita juu ya nywele zilizo juu ya sikio la Bi Uhuru (mwanamke aliyechorwa upande wa mbele), shavu lake, kisha kifua cha tai upande wa pili. Ikikatika hapo na pakawa na kijivu kilichofifia, sarafu imetumika, hata kama kwingine inawaka.

Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hukosea. Dola nyingi za New Orleans, zenye herufi O chini ya shada nyuma, zilipigwa chapa kwa nguvu ndogo. Nywele juu ya sikio zimelala na manyoya ya kifua hayaonekani, ukadhani zimelika. Usiamue kwa umbo, amua kwa mwale: ukipita bila kukatika, hiyo haijatumika, ila chapa yake ni dhaifu. Linganisha na 1881 ya San Francisco, herufi S. Unyoya mmoja mmoja unahesabika.

Hatua ya 3. Tazama makovu, na zaidi mahali yalipo. Shavu ni peupe, halina pa kuficha kitu. Kovu moja refu shavuni hushusha daraja kuliko matano yaliyojificha nyweleni.

Hatua ya 4. Toa daraja. Kipimo cha Sheldon kina alama 1 hadi 70, na zisizotumika huanzia MS60 (MS ni kifupi cha Mint State, yaani haijatumika). MS60 hadi 62 zina makovu mengi au mng'ao hafifu, 63 ni ya wastani, 64 inapendeza, 65 ina mng'ao wa nguvu na shavu karibu safi. Kutoka 64 kwenda 65 bei yaweza kuruka sana, kwa hiyo usiharakishe.

MASWALI

Mwalimu, yangu imeingia weusi. Niisugue kwa dawa ya meno?
Hapana, tafadhali. Utaacha mistari myembamba iliyoelekea upande mmoja, na mwale utakufa. Weusi ni fedha iliyokutana na salfa hewani. Dola iliyosuguliwa hairudi tena kwenye madaraja haya.

Inawezekana AU58 ikapendeza kuliko MS60?
Ndiyo, mara nyingi. AU (About Uncirculated) ni daraja la chini ya MS, yaani karibu haijatumika: AU58 imeguswa kidogo tu lakini makovu yake yaweza kuwa machache. Mimi binafsi ningeichukua hiyo.

Shikamoo mwalimu. Bibi aliniachia riale ya Maria Theresa ya 1780, ina kitundu. Nayo hupimwa hivi?
Marahaba. Mwaka huo usikudanganye: riale hizi ziliendelea kupigwa chapa kwa tarehe ileile ya 1780 hata karne ya 20, Vienna na kwingineko. Kitundu ni cha kidani, na sarafu iliyotobolewa haipewi daraja la kawaida. Usiizibe, usiing'arishe. Andika kwenye karatasi jina la bibi na mahali alipoivalia, uihifadhi pamoja nayo.