Kupima kalsiamu ndani ya seli na kuthibitisha kama ndiyo iliyoiua

Seli iliyotulia huwa na takribani nanomola 100 za kalsiamu huru kwenye saitoplazimu, ilhali majimaji yanayoizunguka yana milimola 1 hadi 2, yaani mara elfu kumi au zaidi. Ghala lake la ndani ni retikulamu ya endoplazimu, na pampu inayolijaza huitwa SERCA. Ghala likifunguka kwa vipindi vifupi, seli hupata ishara yake ya kawaida ya kazi. Likivuja kwa muda mrefu na mitokondria jirani zikaibugia kalsiamu hiyo kupitia mfereji wa MCU, mitokondria huvimba, utando wao wa nje hupasuka, saitokromu c hutoka, na vimeng'enya vya kaspasi huanza kuibomoa seli kwa utaratibu. Kifo hicho kilichopangwa ndicho apoptosisi.

Lakini kuona kalsiamu imepanda, kisha seli zimekufa, hakuthibitishi kwamba jambo la kwanza ndilo lililosababisha la pili. Jaribio lote hapa chini limepangwa ili swali hilo lijibike. Tunatumia seli za HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazooteshwa maabarani), rangi ya Fura-2 AM, ambayo mng'ao wake hubadilika ikishika kalsiamu, na thapsigajini, kemikali inayoiziba SERCA isifanye kazi tena.

Hatua ya 1: Bafa

Bafa ni mmumunyo unaoizuia pH isiyumbe. Kwa milimola: NaCl 140, KCl 5, MgCl2 1, CaCl2 2, glukosi 10, HEPES 10. Rekebisha pH iwe 7.4 kwa NaOH. Tengeneza chupa ya pili isiyo na CaCl2 ila yenye EGTA, kemikali inayonasa kalsiamu, milimola 0.5. EGTA ikishika kalsiamu huachia protoni, kwa hiyo pima pH tena baada ya kuiongeza. Usitumie PBS, bafa ya fosfati: fosfati hushikana na kalsiamu na kutuama kama unga mweupe, hasa utakapofika hatua ya 4.

Hatua ya 2: Kuziingiza seli rangi

Otesha seli juu ya kioo chembamba, si kwenye sahani ya plastiki, kwa sababu plastiki ya kawaida humeza sehemu kubwa ya mwanga wa nanomita 340. Zikifunika kama asilimia 60 ya kioo, zinatosha.

Kichupa cha Fura-2 AM cha mikrogramu 50 kikiyeyushwa kwa mikrolita 50 za kiyeyushi cha DMSO kikavu hutoa takribani milimola 1. Chukua mikrolita 2, changanya kwanza na mikrolita 1 ya Pluronic F-127 ya asilimia 20, inayosaidia rangi isambae majini, ndipo uongeze mililita 1 ya bafa yenye kalsiamu. Sasa una rangi ya mikromola 2 hivi. Mimina juu ya seli, weka gizani dakika 30, osha mara mbili, kisha zisubirishe dakika 30 nyingine ili vimeng'enya vya seli vikate vikundi vya AM, vilivyoiwezesha rangi kupenya utando. Ukiharakisha hapa, sehemu ya rangi hubaki haijakatwa: inang'aa, lakini haihisi kalsiamu.

Miongozo mingi huandika "joto la chumba" ikimaanisha nyuzi 20 hadi 25. Maabara ya Mombasa au Dar es Salaam isiyo na kiyoyozi inaweza kupita 30, na katika joto hilo rangi huingia kwa wingi zaidi ndani ya vioganeli (vyumba vidogo vya seli, kama mitokondria) badala ya kubaki kwenye saitoplazimu. Dalili yake ni madoadoa yanayong'aa ndani ya seli pale unapotarajia mng'ao laini. Punguza joto kwanza. Isipotosha, punguza rangi au muda.

Hatua ya 3: Kupima

Angaza kwa nanomita 340 na 380 kwa kupokezana, soma mng'ao wa nanomita 510, picha moja kila sekunde 2. Ondoa mng'ao wa mandharinyuma kwenye kila picha kabla ya kugawanya 340 kwa 380. Ukigawanya kwanza, seli hafifu zitaonekana kama zina kalsiamu nyingi au chache kuliko ukweli.

Rekodi utulivu kwa dakika 2, badilisha kuweka bafa isiyo na kalsiamu, kisha weka thapsigajini mikromola 1. Mstari utapanda polepole na kushuka: hilo ni ghala likimwagika. Baada ya dakika 10 rudisha bafa yenye CaCl2, pamoja na thapsigajini. Mpando wa pili huja kupitia Orai1, mifereji ya utando wa nje wa seli, iliyofunguliwa na STIM1, protini inayohisi kalsiamu ya ghala, baada ya ghala kukauka. Mpando wa kwanza usipotokea, shuku thapsigajini iliyoharibika, au ghala lililokwisha kwa sababu seli zilikaa muda mrefu mno kwenye EGTA.

Hatua ya 4: Kugeuza uwiano kuwa nanomola

Mwishoni mwa kila kioo weka ayonomisini, inayopitisha kalsiamu kwenye utando, mikromola 5 pamoja na CaCl2 milimola 10 upate Rmax, uwiano wa juu kabisa, kisha osha uweke ayonomisini na EGTA milimola 10 upate Rmin, wa chini kabisa. R ni uwiano wa 340 kwa 380 uliopima. Kanuni ni:

[Ca] = Kd × β × (R − Rmin) ÷ (Rmax − R)

β ni mng'ao wa 380 bila kalsiamu ukigawanywa kwa mng'ao wa 380 kalsiamu ikiwa imejaa. Kd, kiwango cha kalsiamu kinachojaza nusu ya rangi, kwa Fura-2 ni nanomola 224 kwa nyuzi 37 na kama 135 kwa nyuzi 20. Kwa mfano, kwa nyuzi 37, R 0.6, Rmin 0.3, Rmax 3.3 na β 3 hutoa takribani nanomola 75, jibu la kuaminika kwa seli iliyotulia.

Hatua ya 5: Kifo, na chanzo chake

Tumia seli nyingine zisizo na rangi, kwa kuwa Fura-2 yenyewe hushika kalsiamu. Panga makundi haya kwa saa 24: DMSO pekee, thapsigajini, thapsigajini baada ya BAPTA-AM (inayonasa kalsiamu ndani ya seli) mikromola 10 kwa dakika 30, thapsigajini pamoja na sayklosporini A mikromola 1, inayozuia tundu la mitokondria linalofunguka kalsiamu ikizidi, tunikamaisini mikrogramu 2 kwa mililita, na staurosporini, kemikali inayoanzisha apoptosisi, mikromola 1 kama uthibitisho kwamba kipimo kinafanya kazi. Weka pia BAPTA-AM peke yake, maana nayo ina sumu.

Tunikamaisini isiachwe. Thapsigajini hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: huinua kalsiamu ya saitoplazimu na hukausha ghala, na ghala kavu hushindwa kukunja protini, mkazo ambao unaweza kuua wenyewe. Tunikamaisini huleta mkazo huo bila kuigusa SERCA. BAPTA ikiziokoa seli, kalsiamu ya saitoplazimu inahusika. Isipoziokoa, huku tunikamaisini ikiua vilevile, tafuta chanzo kwenye ukavu wa ghala.

Pima kwa aneksini V, inayoshika fosfatidilserini (mafuta ya utando) iliyogeuka nje ya seli inayokufa, na PI, rangi inayoingia seli zenye utando uliovunjika, dakika 15 gizani, kwenye bafa yenye CaCl2 milimola 2.5. Aneksini haishiki bila kalsiamu, kwa hiyo EDTA, kinasa kalsiamu kilichomo kwenye tripsini ya kubandulia seli, isipooshwa vizuri itakupa seli "hai" za uongo. Na usiwahi kuitegemea aneksini peke yake kwa seli zilizopewa ayonomisini: kalsiamu nyingi huamsha TMEM16F, protini ya utando ambayo hugeuza fosfatidilserini nje ndani ya dakika chache bila apoptosisi yoyote. Tafuta kaspasi 3 iliyokatwa kwa western blot, kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa, vipande vya kilodaltoni 17 na 19, na rudia kundi moja pamoja na kizuizi cha kaspasi z-VAD-FMK mikromola 20. Seli zikiendelea kufa kwa kasi ileile na PI ikaingia mapema, unachokitazama huenda ni nekrosisi, kifo cha kupasuka kisicho na mpangilio: shusha dozi na upime upya saa 6, 12 na 24.